Waya wa Kufungia Majani

Ubaruku

Kaka Nasri,

Assalaam alaykum. Salamu nakupa kwa sababu ni haki yako, ningeweza, ningekunyima. Mama hajambo, mpunga umeingia ghalani, na mbuzi wako amezaa.

Mume wangu Idrisa, anayefundisha Kiingereza, anasema Waingereza kitu kikiharibika kabisa husema kimekwenda "haywire". Kumbe ni waya wa kufungia majani makavu ya ng'ombe. Zamani watu waliunga nao kila kilichovunjika, mpaka jina la waya likawa jina la uharibifu wenyewe. Nilikukumbuka wewe.

Nilikuomba bati jipya la kukinga mkanda wa mashine yetu ya kukoboa. Ukaja, ukafunga lile bovu kwa waya, ukasema litashika. Ukala wali wangu, ukabeua, ukarudi Mbalizi. Jumatatu waya ukakatika, bati likaanguka, mkanda ukamvuta mkono Nyamizi, aliyekuja kukoboa mpunga wa harusi ya binti yake. Hospitali wameukata kiwikoni.

Nilikupigia nikilia. Ukanitumia waya mwingine kwa basi.

Waya huo umefika. Nimefunga nao mlango wa chumba cha mashine. Usithubutu kuufungua.

Dada yako, kwa kuwa sina la kufanya,
Zuena