Jina ya Kilimani

Jumatatu, 4 Novemba 2024

DG, mukubwa wa chuo yetu, ametuita bote ku biro. Habari moja tu: Profesa Lubala anakuja kutoka université ya Kilimani. Tangu mwezi wa saba tunamungojea. Banafunzi ba mwaka ya mwisho balishamaliza kuandika memwari zao, ile kazi ya kumaliza masomo, lakini kama hakuna profesa wa université kubwa mu juri ya kuzihukumu, nani atatambua diplome ya hapa kwetu Baraka? Sisi basistanti tunafundisha, tunasahihisha, tunaongoza memwari. Kiisha tunangojea muntu wa kuja na boti.

Mi nilisoma kule Kilimani. Lubala alinifundisha. Alikuwa akiingia tu, tunasimama bote, na hakuna muntu alitulazimisha. Siku nilirudi na diplome, baba yangu aliitundika ku ukuta, karibu na picha ya ndoa yake. Kazi hii niliipata sababu ya ile jina. DG hakuniuliza hata swali moja.

Wilfried, bwana yangu, alisikia wakati tunakula. Anafundisha batoto ba primaire, hapendi makelele ya bakubwa. Akasema: basi, mwalimu yako anakuja, utaacha kununa. Sinuni. Nimechoka tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Amefika. Ziwa ilikuwa mubaya, boti ilichelewa. Alishuka na viatu mu mukono, suruali imelowa mpaka magoti. Mwembamba. Nywele yote nyeupe. Begi ndogo, basi.

Nilijitambulisha – Clarisse, nilikuwa mwanafunzi yako. Akanikamata mukono: ndiyo, ndiyo, muzuri sana mama. Hakunikumbuka. Haiko kosa yake. Tulikuwa bengi.

Wiki iliyopita alikuwa Kalemie. Wiki ya mbele yake, Kasongo. Kutoka hapa anaenda Uvira. "Cours yangu ya kufundisha ni ile ile," aliniambia. "Fasi ya kufundishia tu njo inabadilika." Akakohoa mpaka tukamungojea kidogo mbele ya kupanda moto, pikipiki ya kutupeleka chuo.

Ijumaa, 8 Novemba

Somo ya kwanza: mashamba na desturi. Nilikaa nyuma, pamoja na banafunzi.

Anadikta. Anasoma ku makaratasi ya manjano, banafunzi banaandika. Ni makaratasi ya wakati yangu. Mufano wa kijiji ni ule ule, chefu ni yule yule, shamba inagawanywa vile vile. Nilikuwa najua neno inayofuata mbele aiseme. Mwanzo nilifurahi, sawa vile muntu anasikia wimbo ya utoto. Kiisha nikaanza kuona haya.

Alida Kezimana alinyoosha mukono. Ni Murundi, mukimbizi wa kambi ya Lusenda, na ni mukali kuliko bote mwaka hii. Akauliza kwa heshima: Profesa, kijiji hii, bado banaishi vile? Lubala akamuangalia juu ya miwani. "Sijarudi kule tangu zamani, mademoiselle." Akaendelea kudikta.

Ku kiwanja nikasikia kijana moja anacheka: hii njo Kilimani? Benzake bakacheka naye. Nilipita sawa vile sikusikia. Iliniuma kama bangemusema baba yangu.

Jumapili, 10 Novemba

Nilimualika Profesa nyumbani tulipotoka kanisa. Nilipika bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki ndogo za ndagala. Alikula muzuri, akaomba tena. Tuliongea juu ya barabara na mvua.

Wilfried hanaga adabu ya mezani. Akamuuliza moja kwa moja: Papa Profesa, samahani, université yenu iko bado kama zamani, ao banatudanganya tu?

Nikamukanyaga muguu chini ya meza. Haikusaidia.

Profesa alinawa mikono polepole. Akasema: mutoto yangu wa mwisho iko Kampala. Anasoma kule.

Sikutazama bwana yangu.

Kiisha akaongea mwenyewe, bila kuulizwa. Maktaba inavuja, bitabu bimeoza. Bale balikuwa baprofesa ba nguvu, bengine balikufa, bengine bako mu barabara kama yeye. Yeye mwenyewe anafundisha kule wiki chache tu mu mwaka. Wiki zingine ni boti, ni moto, ni vyumba vya kukodi. "Lakini jina ingali inafanya kazi," alisema. "Muntu akisikia Kilimani, anafungua mulango. Haulizi mu maktaba muko nini."

Alisema bila hasira. Njo ilinichosha zaidi. Kama angelalamika ningemubishia.

Alipoenda, Wilfried aliosha masahani yeye mwenyewe. Njo namna yake ya kuomba musamaha.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Alidikta. Nimesahihisha makopi ya banafunzi mpaka macho inauma. Hakuna ingine.

Jumanne, 12 Novemba

Profesa iko na homa. Asubui hakufundisha, alibaki ku chumba anasoma memwari ya Alida. Mi njo nilimuongoza Alida, basi niliona kama ni mi ninahukumiwa. Kazi yake ni juu ya bakimbizi benye kukodi mashamba ya Babembe, benyeji ba huku, karibu na kambi. Makubaliano ni ya mudomo tu. Bakilima muzuri, mwenye shamba anaikamata tena. Alida alipita shamba ku shamba, akauliza pande zote mbili, na bamama ba Kibembe balimuambia bintu habakuniambiaka mi Mubembe, mutoto yao.

Saa sita Profesa akatuita sisi babili. Alikaa ku kitanda, amejifunika koti. Akasema kazi ni muzuri. Kwamba alisahau kusoma kunaweza kuwa vile. Alida aliinamisha kichwa, nikaona anajizuia kucheka kwa furaha.

Kiisha akasema jambo ingine. Kilimani kuko nafasi moja ya mukimbizi, masomo bure, chumba bure, na yeye iko mu kamati ya kuchagua. Alida akiitaka, asitetee memwari hapa. Akitetea hapa, amemaliza, ni diplome ya Baraka, haiwezi kubadilishwa. Aende kule, arudilie mwaka ya mwisho, atetee kazi hii hii kule. "Diplome ya hapa, kwenu Bujumbura hakuna muntu ataisoma mpaka mwisho. Ile ya kule bataisoma jina tu, na itatosha."

Kutetea ni Alhamisi.

Inje Alida akanikamata mukono: Madame, niambie. Nilimuambia nipe siku ya kesho nifikiri.

DG alishasikia, sijui kupitia nani. Aliniita. Huyu binti ni wa kwanza wetu, alisema. Tukimutoa kwa Kilimani, tunasema wenyewe kama hatufai. We Clarisse unajua nani alimufundisha.

Ninajua. Ni mi.

Jumatano, 13 Novemba

Nilienda Lusenda na moto, matope mpaka ku mugongo. Nilitaka kumuona mama ya Alida, Marie-Goreth. Nilimukuta anatwanga mihogo mbele ya nyumba yao ya hema na udongo. Akanipa kiti, yeye akakaa chini. Nikashuka na mi nikakaa chini.

Nikamueleza yote. Alisikiliza bila kuacha kupeta unga.

"Kule banafundisha kuliko hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilisema: hapana, mama. Zamani ndiyo. Sasa, mi naona hapana.

"Balimu bako?"

"Kidogo."

"Basi anaenda kukamata nini?"

"Jina."

Akaweka lungo chini. Akaniambia kwamba tangu bavuke mupaka ya Burundi, ku hospitali, ku soko, mu shamba ya bantu, banamuita mukimbizi. Alida pia, tangu alikuwa mudogo. Hata pale akishinda masomo banasema yule mukimbizi alishinda. "Kama kuko fasi mutoto yangu ataingia, baseme ni muntu wa Kilimani, hata kama kule ndani hakuna kitu – mwalimu, mi nitafurahi. Lakini sijui kusoma. We uliingia. Njo unajua."

Nilimusaidia kupeta. Nilikuja na mawazo yangu yamepangwa muzuri: jina iko bure, abaki, ajivunie ya kwetu. Njiani kurudi nikatafuta ile mawazo, sikuiona. Mi ile jina ilinipa kazi, ikanipa heshima, na sikuwa hata mukimbizi. Ni rahisi mi kuidharau.

Wilfried aliniuliza umeamua? Nikamuambia haiko mi mwenye kuamua. Akasema: lakini ni we Alida atauliza.

Alhamisi, 14 Novemba

Ninaandika hapa hapa ku baraza ya chuo. Kutetea kulikuwa kuanze saa tatu. Mvua ilianza mbele ya ile, na manjanja, bati za juu ya nyumba, inapiga makelele, mu chumba hakuna muntu anasikia mwenzake. DG amesema tungoje. Bantu bamejaa ndani, bamama ba kambi bamevaa bitenge bya sikukuu. Marie-Goreth iko mustari ya mbele. Alitembea mu mvua hii.

Profesa amekaa ku benchi hapa inje, apate hewa. Amevaa toga, kanzu ya baprofesa. Homa imeshuka kidogo, lakini macho ni mekundu. Mi niko pembeni yake. Alida alikuja akasimama mbele yetu, memwari kifuani ndani ya mufuko ya plastiki.

Nilimuambia yote, mbele ya Profesa, sikuficha. Nikasema: kule nilipata balimu ba kweli, bale habako tena. Nikasema: ile jina ilinifungulia, na itakufungulia. Nikasema mama yako anataka nini. Na nikasema mi sijui, Alida. Ile ya mwisho ilikuwa nguvu kuliko ingine yote.

Profesa hakubisha hata neno moja.

Alida akamugeukia. "Profesa, nikienda, nani atanifundisha?"

"Mi."

"Muko kule wiki ngapi?"

Akatabasamu kidogo. "Chache."

Mvua inapiga. Alida akakaa ku benchi katikati yetu, bila kuomba ruhusa, kitu hafanyagi. Akasema: basi, yale ungeniuliza kule, uniulize hapa. Leo. Mbele ya kuingia. Nikishajibu nitajua kama naenda kule ao naingia hapa.

Nilifikiri Profesa atakataa. Akavua miwani, akaipangusa na toga, akanyoosha mukono bamupe memwari. Hakufungua ku mwanzo. Akaenda moja kwa moja ku fasi ile bamama ba Kibembe banaongea, ile mi sikumusaidia kabisa kuandika.

"Hapa," alisema. "Huyu mama anakamata tena shamba yake ku mukono ya bakimbizi, na we unamuhurumia. Kwa nini? Alikukosea."

Alida akaanza kujibu. Profesa akamukatiza. Alida akajibu tena, tofauti. Akamuuliza ingine, haiko mu makaratasi yoyote ya manjano. Sasa Alida naye anamuuliza: kwenu, babu yako, shamba ilikuwa ya nani? Profesa anafikiri. Anamueleza na mikono yake, anachora mipaka juu ya magoti. Mi niliacha kuandika, nikasikiliza, nikaandika tena ili nisiharibu mazungumzo yao.

Mvua imepungua. DG iko mu mulango, anapiga makofi: juri, tuingie, tuingie, bantu banangojea. Anatazama Alida, anataka kujua anaingia ao haingii.

Hakuna anayesimama. Profesa anainua kidole, hamutazami DG: subiri, mademoiselle hajamaliza.