Koma ya Kitanda cha Sita

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya. Mzee wa kitanda cha sita ameanguka saa nne asubuhi. Nyonga imevunjika. Yule fundi cherehani mstaafu, anayeukagua upindo wa sare yangu kila nikiingia wodini! Tangu saa tatu alikuwa anaweweseka, anataka kushuka. Nikampigia daktari wa zamu. Mara mbili! Nakuja, nakuja, anasema. Hakuja. Nikageuka kumwekea mwingine dripu — kishindo.
Ripoti nimeandika, kwa Kiingereza kama wanavyotaka.

Jumatano, 5 Machi
Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, kaniita ofisini. Binti wa mzee amelalamika, kamati ya uchunguzi inakaa Ijumaa. Kaweka kidole kwenye mstari wangu: "I called the doctor, the patient fell" — nilimwita daktari, mgonjwa alianguka. Kaniuliza, ulimwita kabla hajaanguka au baada? Kabla! Umesema wapi? Nikatazama. Hapakuwa na kitu pale katikati. Koma tu. Na saa sikuandika — hilo kosa langu, sikatai.
Daktari ameshapeleka ripoti ya kwake. Anasema aliitwa mgonjwa akiwa tayari sakafuni. Kiingereza chake kimenyooka kama rula. Muongo!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa mdogo wangu, mwalimu wa Kiingereza. Kasoma, kacheka. Dada, koma hii umeitwisha mzigo wa lori! Eti sentensi mbili zinazojitegemea haziungwi na koma peke yake. Ama nukta, ama baada ya koma uweke kiunganishi. "And" inaongeza tu. "So" inaleta matokeo. "But" inasema ulitarajia hivi, yakawa vile.
Nikamwambia, kwa lugha yetu ningeandika nikamwita, hakuja, mgonjwa akaanguka — ile "ka" ingetosha, mtoto mdogo angejua kilichotangulia. Akasema kamati haisomi "ka".
Nikakasirika. Miaka kumi na tisa nachoma watu sindano bila kukosa mshipa, leo naumbuliwa na alama ndogo kuliko kiroboto! Nikamwambia chai yake imejaa majani. Haikuwa na majani. Aibu. Kesho nimwombe radhi.

Ijumaa, 7 Machi
Kamati saa nane. Asubuhi Metroni kanipa karatasi: nimeruhusiwa kuiandika upya sentensi ile moja, niweke saini. Kisha akashusha sauti. Weka "and", mwenzangu. "And" haigombanishi mtu. Daktari yule ana watu wake, wewe umebakiza miaka michache upumzike.
Nikaichukua karatasi. Nikaenda kitanda cha sita. Mguu umefungiwa vyuma, uso umeingia ndani. Akanishika mkono.
"Mwanangu, yule daktari uliyekuwa unamfokea kwenye simu, alikuja?"
Alisikia! Mzee wa watu alisikia kila kitu! Nikataka kukimbia nimwite Metroni, nikajizuia. Nani atamwamini? Kwenye ripoti ileile nimeandika kwa mkono wangu kwamba alikuwa anaweweseka.
"Hakuja, baba," nikamwambia.
"Basi mimi nilidhani nimeota."

Saa saba na nusu. Nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo, daftari juu ya goti, karatasi yao juu ya daftari. Nimeanza. "I called the doctor twice, but" — neno hilo nimeliandika kwa wino, halifutiki. Mbele yake peupe. Nikimalizia "he did not come", kwamba hakuja, nimemtaja mtu. Nikikata mstari, watauliza nilikuwa naficha nini. Jasho linaloanisha kalamu.
Metroni anagonga mlango. Anauliza nimeweka neno lipi.
Namwambia asubiri. Anagonga tena, anasema daktari ameshaingia na amekaa, ananisubiri mimi. Namalizia "he did not come", naweka nukta.