Mikasi Kumi na Minne ya Mzee Sugaya

CHAMA CHA MAFUNDI WA VIFAA VYA UPASUAJI, HONGO, TOKYO

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati, kilichofanyika Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, chumba cha juu, duka la tambi la Masuya.

WALIOHUDHURIA
Bi. Hatakenaka Setsuko – Mwenyekiti
Bw. Kashiwagi Jun – Makamu Mwenyekiti, mkufunzi wa kozi ya ukarabati
Mzee Sugaya Tokuji – Mjumbe, fundi mikasi, miaka 79
Bw. Inukai Osamu – Mjumbe, muuzaji
Bi. Nozue Mayumi – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Tominaga – kwa udhuru (mawe kwenye figo)

KUMB. NA. 1/11/2019: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa 8:10 mchana, kwa kuchelewa, kwa sababu Mzee Sugaya na Bw. Kashiwagi kila mmoja alikataa kukaa karibu na mwenzake. Katibu alikaa katikati, kama kawaida. Tangu Bw. Kashiwagi aache karakana ya Mzee Sugaya miaka kumi na moja iliyopita, akaenda kiwanda cha mikasi ya kutumia mara moja na kutupa, wawili hao huzungumza kupitia kwa Mwenyekiti tu.

KUMB. NA. 2/11/2019: BARUA YA SHUKRANI
Mwenyekiti alieleza kwamba mwezi Septemba muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji wa watoto katika hospitali moja, akikaribia kustaafu, aliandikia Chama barua ya shukrani pamoja na boksi la keki za maharage. Alimshukuru Mzee Sugaya kwa kunoa upya mikasi yao kumi na minne ya upasuaji wa moyo kila mwaka, bure, kwa miaka ishirini na sita.

Katibu aliifurahia barua hiyo akaichapisha ukurasa wa kwanza wa jarida la Chama. Jarida hupelekwa pia kwenye ofisi ya jiji inayosimamia vifaa tiba. Kisheria, kunoa mkasi wa hospitali ni ukarabati, na ukarabati una kibali chake. Mzee Sugaya ana kibali cha kuunda mikasi mipya. Cha kukarabati ya zamani hana. Ofisi imempa hadi mwisho wa mwezi aombe kibali au aache kunoa. Akikaidi, atanyang'anywa hata kile alicho nacho, na karakana itafungwa, kisha mkaguzi wa ofisi hiyo atapitia karakana za wanachama wote.

Katibu alikiri kosa, akainama kuomba radhi. Mzee Sugaya alisema: "Inua kichwa, mwanangu. Barua yenyewe nimeibandika ukutani, na siibandui."

KUMB. NA. 3/11/2019: MJADALA
Bw. Inukai alisema soko limeshahama. "Hospitali siku hizi zinakata, zinatupa. Nani ananoa? Tuumie wote kwa mikasi kumi na minne?"

Mzee Sugaya alimuuliza kama mjukuu wake angelazwa pale, na moyo wenyewe mdogo kama tunda la plamu, angependa daktari ashike mkasi gani. Bw. Inukai ana wajukuu watatu.

Mwenyekiti alipendekeza Mzee Sugaya ajiuzulu uanachama kwa hiari kabla mkaguzi hajafika, ili Chama kisalimike. Alisema hivyo akiwa anaangalia birika la chai.

Bw. Kashiwagi alisema: "Mwenyekiti, mwambie huyo mzee, jina lake likifutwa na langu lifutwe. Mimi kinoo nilifundishwa kukishika na nani?"

Mzee Sugaya alisema: "Mwambie asinionee huruma. Huruma angekuwa nayo siku alipoondoka bila kuaga."

Bw. Kashiwagi alidai alikwenda kuaga asubuhi tatu mfululizo, akakuta mlango umefungwa. Mzee Sugaya alijibu kwamba mlango ule hukwama msimu wa mvua, na mtu aliyefanya kazi pale miaka tisa anajua kwamba unapigwa teke. Mwenyekiti aliomba wajumbe warudi kwenye ajenda.

KUMB. NA. 4/11/2019: NJIA YA KIBALI
Bw. Kashiwagi alieleza kwamba karakana hupewa kibali cha ukarabati ikiwa na mtu aliyemaliza kozi. Kozi ipo tarehe 26 na 27, ombi lingewahi tarehe 29. Mkufunzi ni yeye mwenyewe.

Bw. Inukai alicheka. "Yaani mzee akae darasani afundishwe kunoa na mwanafunzi wake mwenyewe? Na mtihani juu?" Hakuna mwingine aliyecheka.

Mzee Sugaya alimaliza chai yake, iliyokuwa imeshapoa. Aliuliza mikasi ya hospitali inafika lini mwaka huu. Katibu alijibu kwamba imeshafika tangu Jumatatu, iko kabatini ofisini, yote kumi na minne.

Mzee Sugaya aligeuka, akamwambia Bw. Kashiwagi: "Darasa linaanza saa ngapi?"

Mwenyekiti, kwa mazoea, alianza kumrudia Bw. Kashiwagi swali hilo, kisha akanyamaza.

Bw. Kashiwagi alisimama. "Saa tatu asubuhi, Fundi."

"Niwekee kiti cha mbele. Sikio la kushoto halisikii siku hizi."

"Halisikii tangu zamani, Fundi. Nitasimama kulia."

Pendekezo la kujiuzulu liliondolewa na Mwenyekiti mwenyewe.

KUMB. NA. 5/11/2019: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 9:50 alasiri. Mwenyekiti aliagiza kwamba tangu sasa Katibu arudi kukaa kwenye kiti chake cha zamani, karibu na dirisha.

Hatakenaka Setsuko, Mwenyekiti (muhuri)
Nozue Mayumi, Katibu (muhuri)