Leso ya Mheshimiwa

Mfaranyaki, Songea

Mjukuu wangu Editha,

Shikamoo yako nimeisoma, nami naitika marahaba. Babu yako anatembea tena bila fimbo, na mjomba wako yuko Namtumbo anavuna mahindi.

Unaniuliza kama ukubali wenzako wa kiwanda cha samaki wakuchague kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Ujanani nilichambua tumbaku kiwandani hapa mjini. Kiongozi wetu alikuwa Fabiani, mchambuaji kama sisi. Kila mkutano ulianza vilevile: mmoja wetu anampa jani, yeye analinusa kwa pumzi ndefu, kisha anasema, "Haya, tuongee." Tulimpenda hivyo mpaka tukampeleka bungeni.

Viwanda vya serikali vilipoanza kuuzwa, akaja na mnunuzi. Tulimpokea getini kwa vigelegele, tukiamini amekuja kututetea. Mama Sikudhani, mkubwa wetu kwa umri, akamnyooshea jani kama siku zote. Mheshimiwa akarudi nyuma, akatoa leso nyeupe, akaziba pua.

Vigelegele vilikatika. Mama Sikudhani, mkono ukiwa bado hewani, akatugeukia akauliza taratibu, "Huyu ni Fabiani?" Hotuba ya Mheshimiwa siikumbuki hata neno moja, ingawa ndiyo iliyotangaza kwamba kiwanda kimeuzwa nasi hatuna kazi tena. Lakini leso ile naikumbuka mpaka leo.

Kubali, mama. Ila Krismasi ukija, usijipulizie marashi njiani. Njoo na harufu yako ya samaki, nikukumbatie.

Bibi yako,
Skola