Nani Anakupikia

Jumanne, Kitengela. Vumbi tangu asubuhi, na mimi nimekasirika hata simu sishiki.

Picha ya kichwa cha mdogo wangu Kemunto imetoka. Yale waliyoita mapepo kanisani ni tegu, mnyoo wa nguruwe. Mayai yake yaliingia mwilini, yakafanya vifuko vya maji ndani ya ubongo.

Mwaka mzima anaanguka kifafa. Shule ya chekechea alikofundisha ilimwachisha kazi kwa sababu alianguka mbele ya watoto.

Mwaka mzima!

Kinachoniuma ni ile siku ya kwanza, kule Kajiado. Daktari aliuliza huku akiandika, "Nyinyi hukula nguruwe?"

Mama akajibu kabla Kemunto hajafungua mdomo: "Sisi ni Wasabato, daktari. Hiyo kitu haingiangi kwetu."

"Basi hiyo tutoe."

Akachora mstari, akaandika dawa za kifafa, tukaenda zetu. Dini yetu ndiyo ikawa maabara.

Leo daktari mwingine, mwanamke asiye na haraka, ametueleza. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Lakini ubongo huingiliwa na mayai, na mayai hutoka kwenye choo cha mtu mwenye mnyoo. Asiponawa mikono vizuri, wewe unayameza kwa chakula. Unaweza kuwa hujaonja nguruwe tangu uzaliwe.

"Swali si unakula nini pekee," akasema. "Ni nani anakupikia."

Nilitamani kurudi Kajiado nikampigie yule wa kwanza meza. Kusoma kote huko, na hajui hilo? Mama naye akaanza kumlaani mama mboga wetu. Nikamwacha amlaani.

Shajara, ngoja nikuambie jambo ambalo kanisani hawalijui. Kila Ijumaa nikitoka kazini hupitia kibanda cha nyama ya nguruwe nyuma ya soko. Nusu kilo na kachumbari. Kisha naharakisha nyumbani kupika chakula cha Sabato kabla jua halijatua.

Siku ile Kajiado nilikuwa nimekaa kando ya mama. Swali nililisikia vizuri. Nikatazama viatu vyangu.

Nimemtukana yule daktari siku nzima. Kosa lake ni lake, lakini nusu ni langu.

Kesho asubuhi napeleka choo changu kipimwe.

Kemunto anauliza kutoka sebuleni kama leo napika mimi. Nimemwambia hapana, njoo kwanza tuongee.