Bipu Tatu za Mama

Kihonda, Morogoro,
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abeid,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu najua ungeniamkia kama ungekuwa mbele yangu, mama alitulea hivyo sote wawili. U hali gani huko Uholanzi? Baridi imepungua? Wifi yangu Aisha hajambo? Na Yasmin, meno ya mbele yameota? Mimi sijambo. Cherehani inazunguka, sare za shule zimenipa kazi tangu Januari, na magoti yananiuma kama kawaida yake.

Barua hii anakuletea Josephine, mpangaji wangu, yule mhadhiri. Anakuja huko kwenye mkutano. Nimemwomba akukabidhi mkononi na akae hapo mpaka umalize kusoma, kwa hiyo usikimbilie kumtengea chai. Nimeandika kwa kalamu kwa kuwa wewe mwenyewe ulituambia barua ya mkono ndiyo mawasiliano ya kweli, na ukipigiwa simu husikilizi zaidi ya dakika kumi. Haya, mawasiliano ya kweli ndiyo haya.

Kwanza nikupongeze. Josephine amenisomea habari za kampuni yenu ya simu kwenye simu yake, ile ya kioo kikubwa ambayo ninyi mnasema inaharibu watu. Imeandikwa kuwa simu yenu mmeipunguzia kila kisicho cha lazima na kubakiza vinavyomfaa mtu. Mmebakiza tochi, hapo mmefanya vyema. Mmebakiza redio. Mmebakiza na kile cha kuhesabu hatua, ambacho kila jioni kinampigia mama kamziki ka kumpongeza kwa kutembea. Mwanamke amepanda milima ya Kinole na mkungu wa ndizi kichwani tangu hajavunja ungo, leo anapewa hongera na simu.

Unakumbuka ulivyokuja mwaka juzi na daftari lako? Ulikaa barazani kwa mama, ukawaita majirani mmoja mmoja, ukawauliza simu wanaitumia kufanya nini. Wakakujibu. Kuongea, kutuma hela, kumulika, kusikiliza mpira. Said alisema yeye anatumia yake kuangalia bei ya pilipili manga, ukafurahi sana ukaandika mstari mzima. Mimi nilikuwa pale namenya machungwa. Hakuna aliyetaja kubipu, kwa sababu hakuna anayedhani kubipu ni kuitumia simu. Nami sikutaja, na hilo najilaumu mpaka leo.

Mama, unajua, kusoma hajui. Wewe ndiye uliyemtungia zile bipu ulipokuwa chuo na huna hata vocha. Bipu moja, niko salama nakukumbuka. Mbili, nipigie. Tatu, njoo. Na anayebipiwa anajibu kwa bipu moja, maana yake nimesikia. Mama alizishika kwa siku moja. Kwa miaka kumi na saba kila Ijumaa baada ya swala alikubipu mara moja, nawe ulijibu mara moja, hata ulipokuwa ndani ya ndege ulijibu ulipotua.

Ukamletea simu yenu. Vitufe vinne vya rangi, hakuna majina, hakuna picha, kijani ndicho Abeid. Akaipenda. Ijumaa ya kwanza akabonyeza kijani, akakata, akasubiri. Kimya. Ijumaa ya pili kimya. Alisubiri Ijumaa tisa, Abeid. Niliwahi kumkuta saa kumi alasiri na simu mapajani, chakula cha mchana hajakigusa, ananiambia labda huko saa zimebadilishwa.

Nikajaribu mimi kumbipu. Simu yake haikutikisika wala kuandika kitu. Ndipo nikakupigia kukuuliza, na ninayo kichwani sauti yako ile ya furaha. Ulisema: "Dada, hiyo tumeitengeneza makusudi. Simu ikikatika kabla ya mlio wa tatu, inamezwa. Hizo siyo simu, ni kelele tu. Mimi mwenyewe yangu nimeiweka hivyohivyo, yaani sasa hivi nina amani, huwezi amini."

Niliamini. Mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipokuwa, anaanika mdalasini, akaniuliza umesemaje. Nikamwambia umesema unamsalimu.

Wiki hiyohiyo niliichukua simu yake nikasema naipeleka kwa fundi kwa sababu ya chaji. Kelvin, yule kijana wa Msamvu, alikizima hicho kinachomeza kwa dakika mbili. Kwa hiyo kinazimika, kama ulikuwa hujui. Halafu nikamwomba jambo jingine. Nilisajili laini mpya, nikaitia kwenye kile kisimu changu cha zamani, na Kelvin akaiweka namba hiyo kwenye kitufe cha kijani. Namba yako halisi tukaihamishia kwenye cheupe. Simu yenye jina na picha ingenifichua siku ya kwanza. Yenu haionyeshi kitu, inawaka rangi tu, na mama anaiamini rangi. Nawashukuru kwa huko kupunguza.

Tangu hapo ni mimi. Kisimu kinakaa kwenye droo ya cherehani. Ijumaa kinalia mara moja, nami naacha mkasi najibu mara moja. Miezi kumi na moja sasa. Inachukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano, na ndicho kilichokushinda.

Mama akarudi kula. Akaanza kuwaambia watu Kinole nzima kuwa Abeid ametulia, amekuwa mtoto mzuri kuliko zamani, hakosi Ijumaa hata moja. Mjomba Dadi akamuunga mkono. Ulivyokuwa unampigia zile Jumapili za kwanza za mwezi, dakika zako kumi, taa ilikuwa inawaka nyeupe, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia hiyo ni simu ya ofisini kwako. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi huyu wa ofisini ana haraka. Wa Ijumaa ndiye mwanangu."

Nilitaka kukuficha hilo. Nimebadili mawazo.

Tena mwezi wa Novemba nilikuwa pembeni yake ulipopiga. Alikwambia, "Ahsante baba kwa Ijumaa." Ukamjibu, "Haya mama, haya." Hukuuliza Ijumaa gani. Nilikuwa nimejiandaa, nina uongo mzima tayari mdomoni, na wewe ukaniokoa kwa kutokusikiliza.

Sasa jambo lililonifanya nikae na kalamu. Mama ni mgonjwa. Kwenye Jumapili zako anakwambia hajambo kwa sababu hakuna mama anayetaja ugonjwa kwa mtu mwenye haraka. Miguu imevimba tangu Desemba, akipanda kutoka mtoni anasimama mara nne. Nilimteremsha mjini, daktari akamwangalia vizuri, akaniita mimi peke yangu nje ya mlango. Moyo umechoka. Dawa zitampunguzia tabu, kumponya haziwezi. Nikamuuliza ni muda gani, akasema nisihesabu miaka. Mama hakukubali kubaki kwangu. Alisema akikaa mjini atakufa kwa vumbi kabla ya moyo, akarudi Kinole kwenye miti yake.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, nikiwa napima bega la mteja, droo ililia. Nikashangaa maana haikuwa siku yake. Ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Nikaweka futi chini nikawa nasema moyoni iishie hapo, mbili tu, iwe nipigie. Ikalia ya tatu.

Katika miaka yote hiyo hajawahi kukubipu tatu. Hata baba alipofariki alikubipu mbili.

Nilikaa na kile kisimu mkononi mpaka mteja akaondoka mwenyewe. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimwona amekaa na simu mapajani, chakula kimepoa, anahesabu saa za Ulaya. Nikajibu mara moja. Umesikia, Abeid. Mimi ndiye niliyekusikilizia, lakini kwa mama aliyesikia ni wewe, na aliyesikia bipu tatu anakuja.

Jana Said alinipigia kutoka Kinole kunipa habari. Mama ametoa godoro lako juani. Amemkataza Said asiangue fenesi la nyuma ya nyumba kwa kuwa ni lako. Anawaambia wapita njia kuwa Abeid anakuja na hakuulizwa mara mbili.

Nina hasira na wewe na sitaki uidhanie kuwa ni kitu kingine. Umekaa na watu wenye akili, mkahesabu kila kitu cha kumsumbua mtu, na mama yako akaingia kwenye hesabu hiyo akatolewa. Una amani, sikatai. Yake nimekuwa naishona mimi.

Ukishuka Msamvu, kabla hujapanda Kinole, pita kwa Kelvin akufundishe kuirudisha namba yako kwenye kijani cha mama, na akuzimie kinachomeza kwenye simu yako pia. Usimwambie mama chochote kuhusu droo. Laini nitaivunja mbele yako.

Usipokuja nitaendelea kuwa wewe. Mama atakufa akikusifu, utasikia kwa watu jinsi alivyokusifu, nawe utajua alikuwa anamsifu nani. Lakini kuna mahali nitashindwa. Siku ikifika, wa kushuka kaburini kumpokea ni mwanawe wa kiume. Mimi ni mwanamke, sishuki. Mjomba Dadi hata ngazi za msikiti anashikwa mkono. Hapo hakuna kitufe cha kubadilisha namba.

Msalimie sana Aisha, mwambie kitenge chake nimekwisha kukikata. Mbusu Yasmin. Mjomba Dadi anakusalimu, Said anakusalimu na anauliza kama daftari lenye mstari wake lilifika salama. Mungu akupe nauli, ruhusa ya kazi na aibu, na akufikishe kabla ya Ramadhani.

Ni mimi dada yako akupendaye, na kila Ijumaa ni wewe,

Mwaisha.