Mara Moja tu, Nyuma ya Mswaki

Jumanne, 7 Januari 1997 – Lodwar
Miaka minane ya sindano leo! Sista Sellah wa kliniki ya sukari amenihesabia kwenye kadi. Sindano mbili kila siku, hakuna kidonda, macho safi. Akamwambia daktari mgeni wa Nairobi, "Huyu ndiye mzee wetu." Mzee! Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule juzi tu. Nilitazama chini, lakini nilifurahi.

Daktari alinipapasa mguu – mshipa unapiga vizuri. Presha nzuri. Sasa anataka mkojo wangu wote wa saa ishirini na nne, kwenye jerikeni moja. Alinieleza pole pole: sukari huharibu mishipa midogo ya damu kabla hujasikia uchungu wowote. Ya figo ikichoka, inavujisha protini. Chini ya miligramu thelathini kwa siku, mishipa ni mizima. Zaidi ya hapo, imeanza kuvuja. Usimwage hata tone, akasema.

Jerikeni! Nitapita nayo wapi?

Jumatano, 8 Januari
Nimeificha chini ya gunia. Mama anacheka eti nailinda kama maziwa ya ngamia. Mchana nilienda laga, kwenye mto mkavu, na wasichana kuchota maji. Nikabanwa na mkojo. Ningewaambia nini? Nilienda nyuma ya mti wa mswaki. Mara moja tu.

Ijumaa, 24 Januari
Ishirini na saba! Sista alisoma mbele ya kliniki nzima. Wakapiga makofi. Mama akapiga kigelegele, nikatamani ardhi inimeze – halafu sikutamani tena. Daktari ameandika kwamba niende Kakuma nikawafundishe wagonjwa wapya. Mimi, niliyekuwa nikimjibu mwalimu kwa kunong'ona!

Alhamisi, 30 Januari – Kakuma
Nimekuja na gari la kliniki. Mwanafunzi wangu ni Nyibol, mkimbizi kutoka Sudan. Ana miaka kumi na minne, anajidunga tangu Agosti. Nimemwonyesha jinsi ya kuhifadhi insulini: chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kivulini. Alitazama vidole vyangu tu.

Shangazi yake, Anyieth, alinigeuza huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi. Watu wamemwambia mtoto wa sukari hafiki mbali. "Nimekuja kuona kwa macho. Eh, huyu ana nyama!" Watu wakacheka, hata mimi.

Nyibol akauliza, "Dada, namba yako ya figo ni ngapi?" Nikamwambia. Akaiandika ukutani kwa makaa, kubwa: 27.

Jioni sikutaka chakula; nimekula kwa sababu ya sindano tu.

Jumamosi, 1 Februari
Nimerudi nyumbani. Nimepiga hesabu. Siku ile nilienda haja ndogo mara sita. Tano ziliingia kwenye jerikeni. Ishirini na saba gawanya kwa tano, zidisha kwa sita – thelathini na mbili na kitu. Nimerudia mara tatu. Labda ile ya laga ilikuwa kidogo. Labda.

Hakuna anayejua ila ule mswaki. Na ukuta wa Nyibol unadanganya.

Jumatatu, 3 Februari
Nimemwambia Sista. Sauti ilitoka! Hakunigombeza. Alisema wagonjwa wengi humdanganya, ila hajaona anayerudi kusema. Akanipa jerikeni nyingine. Nyeupe – kila kitu kinaonekana! "Utaweza?"

Nimemwandikia Nyibol: ifute ile namba. Nikaeleza kwa nini.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeibeba mchana kweupe. Laga nayo. Dukani nayo. Mama Hani, Msomali wa duka la chai na sukari, akaniita: "Wewe, samli hiyo? Nipimie kikombe!"

Nikasema, na sikunong'ona: "Ni mkojo wangu, mama. Wa hospitali."

Duka zima liliangua kicheko. "Wallahi! Na unautembeza!"

Ndiyo. Nimeutembeza. Wote, mara saba.

Ijumaa, 21 Februari
Naandika kwenye benchi ya kliniki. Nyibol ameshuka sasa hivi kutoka gari la Kakuma, jerikeni yake ya mkojo kichwani, haijafunikwa hata na kitambaa! Wanaume wamegeuka kutazama. Yeye hata hageuki. Anasema hakufuta 27. Aliikata kwa mstari, akaacha nafasi pembeni ya namba mpya.

Bahasha yangu ya majibu imefika. Sista ameishika, bado haijafunguliwa. Benchi zote zimejaa. Ameuliza kama asome ndani, sisi wawili tu, au hapa.

Nimesema hapa.